Mguu wa Baba Eliza Kwenye Manila

Devota na Yusufu, nyie mliochukua kazi yangu, mliniomba niwaandikie namna ya kupiga mistari isiyopinda. Nilianza na hiyo mistari, nikajikuta naandika na mengine. Naandika polepole, hilo mnalijua. Karatasi hizi chache zimenichukua wiki tatu. Kwa mdomo ningechukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mbele za watu sauti yangu hubaki kooni. Basi someni.

Najua mtacheka kwamba mtu wa miaka ishirini na mitano anasema amestaafu. Chekeni. Nimefanya kazi miaka minane, mgongo wangu unaijua kila siku yake, na sirudi. Nikisema nimeacha kazi, watu hapa Nsemulwa wananiuliza nilifukuzwa kwa kosa gani. Nikisema nimestaafu, wananyamaza. Mshahara sitausema, maana mmeshauona nyie wenyewe.

Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, nikakaa nyumbani. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni mwandiko. Wauza dagaa wa sokoni walikuwa wananiita niandike majina kwenye magunia yao, na gunia nililoandika mimi lilisomeka hata likipakiwa chini kabisa ya lori. Mama Eliza ndiye alikuwa wa kwanza kuniita. Mumewe ni fundi wa injini za boti kule Ikola, ziwani, dagaa zake zinatoka huko, na yeye anauza hapa mjini. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, kuna mwalimu wa Kifaransa anatafuta mtu wa mwandiko. Wewe huongei, yeye anaongea mno, mtaelewana."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu Gaspari, ambaye mnamjua, na ambaye anapenda kuitwa Profesa. Alikulia Katumba, kwa wazazi waliotoka Burundi, akasoma seminari miaka kadhaa, akatoka huko bila upadri ila na Kifaransa. Alikodi chumba kile kile mnachofanyia kazi nyie sasa, na kama mnavyojua, asubuhi kinatumiwa na kwaya. Kwaya inaandika nyimbo ubaoni na inafuta chochote inachokikuta. Ndiyo maana Profesa hatumii ubao. Anatumia manila.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Dada Skola, mwandishi aliyekuwepo kabla yangu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni juu ya karatasi ya manila, viatu amevua, maka peni mbili amezichomeka kwenye nywele. Hakuinuka. Alisema, "Vua viatu. Kaa hapo. Usiguse."

Nilikaa saa mbili bila kugusa. Halafu akanifundisha yafuatayo, na hapa ndipo penye mistari yenu. Chukueni uzi wa kushonea magunia, upakeni vumbi la chaki, mmoja ashike huku na mwingine kule, uvuteni katikati kidogo na kuuachia. Unapiga karatasi mara moja na kuacha mstari ulionyooka kuliko rula yoyote. Ukimaliza kuandika, chaki unaifuta kwa kitambaa kikavu, siyo chenye maji. Maka peni ilale ubavu ikiwa imefunikwa, ukiisimamisha kichwa juu wino unashuka na hautapanda tena. Ukikosea herufi, usifute. Kata kipande cha manila, kipake uji mzito wa muhogo, bandika juu ya kosa, andika upya. Uji wa muhogo unashika kuliko gundi ya dukani, ila mende wanaupenda, kwa hiyo usiuache wazi.

Halafu akanipa sheria kubwa. "Usijaribu kuelewa," alisema. "Ukielewa utaanza kuharakisha. Ukiharakisha utakosea. Wewe chora herufi moja, kisha inayofuata, basi."

Niliishika sheria hiyo miaka minane. Ni sheria nzuri kwa mwandiko. Kwa mambo mengine ni sheria ya ng'ombe wa kukokota jembe.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kitenzi cha kuja. Que je fusse venu, que tu fusses venu, qu'il fût venu, na kuendelea hadi wafike wote sita: mimi, wewe, yeye, sisi, nyie, wao. Kwenye yule wa tatu kuna kikofia juu ya herufi, na kikofia hicho Profesa alikiangalia kabla ya kuangalia kingine chochote. Alikuwa akiingia, hasalimii, anakwenda moja kwa moja ukutani kutazama vikofia.

Wakati huo wa kitenzi una jina refu la Kifaransa. Sisi tuliuita "ule mrefu". Siku ya kwanza ya kila darasa jipya Profesa aliueleza hivi: "Ni wakati wa jambo lililotakiwa liwe limeshatokea, kabla ya jambo lingine, ambalo nalo halikutokea."

Mama Eliza, ambaye alijiandikisha mwaka juzi kwa sababu alitaka kuvuka ziwa akanunue dagaa Kongo na karatasi za kule zilikuwa zinamtisha, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kama hili halikutokea na lile halikutokea, sasa tunaongelea nini?"

Darasa likacheka. Profesa hakucheka. "Mama, hapa ndipo wanapotenganishwa wasomi na wauza dagaa."

"Basi mimi umeshanitenganisha. Naomba unifundishe kusema 'punguza bei'."

"Hiyo itakuja yenyewe," alisema Profesa. "Ukishapanda mlima mrefu, vilima vyote vinakuwa tambarare."

Huo ndio ulikuwa mpango wake wa masomo. Walianza na ule mrefu na wakamaliza na ule mrefu. Madereva wa malori walikuja, mabinti waliotaka kazi za hoteli walikuja, wakaimba que je fusse mwezi mmoja, miwili, wakaondoka bila kujua kuomba maji ya kunywa. Niliwahi kumsikia mfanyabiashara mmoja aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, akipita mlangoni wakati wanaimba. Alisimama, akasikiliza, akamuuliza mlinzi wa jengo kama hiyo ni lugha ya huku kwetu.

Profesa siyo tapeli. Hilo naliandika ili nyie msije mkasema nimemsingizia. Kifaransa anakijua. Anakijua kama mtu mwenye baiskeli nzuri anayeifuta kila siku na hapandi.

Kabla Dada Skola hajaolewa na kuhamia Inyonga, alifanya jambo moja kwa akili yake mwenyewe. Aliandika manila ya siku za wiki, safu moja Kifaransa, safu ya pili Kiswahili, kwa wino wa bluu. Wanafunzi waliipenda. Profesa aliitazama dakika nzima akasema, "Hapa siyo chekechea." Karatasi haitupwi kwa kosa la mwenye kuandika, kwa hiyo tuliigeuza, na nyuma yake mimi nikaandika kitenzi cha kuja. Kila nilipoishusha na kuitundika upya, nilikuwa nikizisoma zile siku. Sikukusudia kuzijua. Zilinishika zenyewe, kama tangazo la redio.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka jana Baba Eliza alitoka Ikola na boti kujaribu injini aliyoitengeneza. Injini ikazima katikati ya ziwa. Siku tisa Mama Eliza hakujua kama ana mume au hana. Simu yake haikupatikana. Sokoni aliendelea kupanga mafungu ya dagaa, lakini aliyapanga makubwa mno, watu wakanunua kimya kimya na hakuna aliyemwambia. Ndiyo majirani zetu hao.

Siku ya kumi, Jumatatu, konda wa basi la Karema alimletea barua. Alipewa na mchuuzi mmoja, na huyo mchuuzi alipewa na mwingine aliyetoka ng'ambo, kwa hiyo kila mmoja alijua tu kwamba ni ya Mama Eliza wa dagaa. Ilikuwa na muhuri wa hospitali moja ya Kongo. Watu wa kule wanaongea Kiswahili siku nzima, wanagombana kwa Kiswahili, wanasali kwa Kiswahili, lakini barua ya ofisi huandikwa Kifaransa. Kijana wa duka la simu alijaribu kuipiga picha ili simu itafsiri. Mwandiko ulikuwa wa daktari. Simu ikaleta habari za mbuzi na dirisha.

Mama Eliza akaja nayo darasani anakimbia, khanga imemfunguka. "Mwalimu, nisomee. Nisomee haraka."

Profesa alivaa miwani. Nilikuwa karibu, nilimwona. Macho yake yalipita mistari miwili, mdomo ukapinda, akacheka kwa pua. "Kifaransa gani hiki! Huyu daktari alifundishwa na nani?"

"Mwalimu, mume wangu."

"Yuko hai, mama, yuko hai. Amevunjika mguu, anatibiwa. Tulia." Akageuza karatasi, akacheka tena. "Angalia hapa. Angalia! Mahali palipotakiwa ule wakati mrefu ameweka wa sokoni."

Mama Eliza alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Alikuwa ameshapata neno alilolitaka, hakuuliza lingine. Wanawake wakamshika mabega. Profesa akanigeukia mimi. "Oliva, hii barua iandike yote kwenye manila, neno kwa neno, ninaihitaji Jumatano. Hatimaye nimepata mfano wa kweli. Darasa litaisahihisha."

Nikaichukua. Jumanne nilipiga mistari, nikavua viatu, nikaanza kuchora herufi moja na inayofuata. Mstari wa sita nikafika kwenye neno jeudi, na mbele yake kulikuwa na namba nane. Mkono ukasimama. Nililijua neno lile kwa wino wa bluu. Mstari wa saba kulikuwa na famille, na hilo hata mbuzi wa ile simu angelijua. Alhamisi, nane, familia. Keshokutwa.

Hapa nawaambia nyie jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliinua maka peni, nikaifunika, nikakaa. Nikajiambia, Profesa ameisoma, Profesa anajua, wewe ni mtu wa darasa la saba. Nikaifunua, nikaendelea kuandika. Niliandika vizuri sana siku hiyo. Hakukuwa na kiraka hata kimoja. Mtu akitaka kuona mwandiko mzuri wa mwoga, ndio ule.

Jumatano saa nane mchana darasa lilijaa. Mama Eliza alikuwa amekuja na karanga za kuchemsha akizigawa, kwa sababu mume yu hai. Profesa alisimama mbele na fimbo ya kuonyeshea. Akaeleza kwamba daktari ameandika "mgonjwa amevunjika mguu", kauli isiyo na heshima, na kwamba sasa tutaipeleka kwenye wakati mrefu, kwa nafsi zote sita. Na wanafunzi wakaanza kuimba, na siku hiyo Profesa akawatafsiria kila nafsi. Mimi ningalikuwa nimevunjika mguu. Wewe ungalikuwa umevunjika mguu. Yeye angalikuwa amevunjika mguu. Darasa zima likavunjika mguu, mmoja mmoja na kwa makundi, kwa sauti nzuri, maana wengi wao ni wanakwaya.

"Mwalimu," alisema Mama Eliza, karanga mkononi, "ina maana hajavunjika?"

"Amevunjika, mama. Lakini sasa amevunjika kwa ufasaha."

Wakaenda mstari wa pili, wa tatu. Kila mstari nafsi sita. Nilihesabu: kwa mwendo ule, mstari wa sita wangeufikia Ijumaa. Nilijaribu kusema. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa. Jirani yangu akadhani napiga miayo, akanipa karanga.

Ndipo nikainuka. Nilikwenda ukutani kwenye ile manila ya kitenzi cha kuja, nikang'oa misumari yake, nikaigeuza karatasi nzima, nikaitundika tena kwa misumari miwili ya juu. Siku za wiki za Dada Skola zikatokea. Nikaweka kidole kwenye jeudi. Alhamisi. Halafu nikavuka mbele ya Profesa, kwenye ile barua niliyoiandika mwenyewe, nikaweka kidole kwenye mstari wa sita.

"Oliva, umechanganyikiwa?" alisema Profesa.

Mama Eliza alitazama kidole, akatazama karatasi ya bluu, akatazama kidole. Karanga zikamwagika. "Mwalimu. Alhamisi kuna nini?"

"Mama, tutafika hapo kwa utaratibu..."

"Alhamisi kuna nini kwa mume wangu, wewe mwanaume?"

Na hapo, ndugu zangu, Profesa akaisoma. Alisoma barua yote kwa Kiswahili safi, kutoka juu hadi chini, kwa muda mfupi kuliko wa kumenya karanga tano. Upepo ulisukuma boti mpaka kwenye mawe ya pwani yao, na mguu umevunjika mara mbili. Simu ya mgonjwa ilizama ziwani na hakumbuki namba. Alhamisi saa mbili asubuhi, maana wao wanahesabu nane, atapakiwa kwenye gari apelekwe hospitali kubwa ya mbali bara, siku kadhaa za njia. Familia inayotaka kumrudisha kwao ije kabla ya hapo. Baada ya hapo waulizie huko mbele.

Profesa akakunja miwani. "Sikufika kwenye mstari huo," alisema. "Makosa yalikuwa mengi."

Mwanafunzi mmoja, Masanja, dereva wa lori, alikuwa ameshasimama na funguo mkononi. "Mama, twende Karema. Hata kama ziwa limejaa mawimbi tutapata boti." Wakaondoka. Mama Eliza alikuwa na kiatu kimoja. Cha pili nilikipata chini ya benchi nikakihifadhi.

Siku mbili sikula chakula kikaisha. Nilikuwa nahesabu ile Jumanne yangu. Kama ningefungua mdomo Jumanne, angepanda basi kama mtu. Jumamosi simu ikapigwa, Mama Eliza anapiga kelele mpaka masikio yakauma. Alifika getini wakati Baba Eliza ameshalazwa ndani ya gari na mlango umefungwa. Alisimama mbele ya gari, mikono ameitandaza. "Mshusheni huyo, ni wangu!"

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Ni bwana yako huyu, mama? Basi beba mutu yako, pole sana."

"Oliva," aliniambia, "toka getini mpaka wodini, hakuna hata mmoja aliyeniambia neno la Kifaransa. Hata 'hujambo' hakuna."

Nilidhani manila ile ya barua itashushwa. Jumatatu nikaikuta bado ipo, na Profesa ameweka vikofia kwa wino mwekundu. Akaniagiza niizungushie fremu ya wino. Niliizungushia. Wiki saba wanafunzi wapya waliimba mguu wa Baba Eliza. Profesa hakuwahi kuniambia lolote kuhusu ile Jumatano, isipokuwa kwamba misumari haing'olewi bila ruhusa.

Wiki ya nane Baba Eliza mwenyewe akaja. Alikuwa na magongo mawili, amekonda, mkewe nyuma yake na mfuko wa samaki wakavu aina ya migebuka kutoka Ikola aliotaka kuwagawia darasa kwa shukrani. Alikuta wanaimba. Akasimama mlangoni kwa adabu mpaka nafsi ya sita.

"Shikamoo, mzee," wakasema wanafunzi.

"Marahaba. Mnaimba nini?"

Binti mmoja mgeni, aliyekuwa na siku tatu tu, akajibu kwa furaha. "Mguu, mzee. Kuna mtu alivunjika mguu."

Baba Eliza akaingia gongo kwa gongo mpaka ukutani. Kusoma Kifaransa hajui, lakini jina lake alilijua, lilikuwa mstari wa kwanza, nimelichora mimi kwa herufi kubwa. Alilitazama muda mrefu. Akautazama wino mwekundu. "Na hii nyekundu?"

"Ni masahihisho," alisema Profesa.

"Umenisahihisha?"

"Nimeisahihisha lugha, mzee. Ni mfano bora kabisa tulionao. Wanafunzi wananufaika."

Baba Eliza akalegeza gongo moja, akalishikiza kwapani, akainua mkono kwenye msumari wa juu. Haukufika. "Nisaidieni kuitoa."

"Hiyo ni mali ya darasa," alisema Profesa.

"Mguu ni wangu."

Hakuna aliyesogea. Profesa alinitazama mimi nisiguse, na kwa miaka minane kunitazama vile kulitosha. Nilivua viatu, nikapanda kwenye benchi, nikang'oa msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Nikaikunja manila kuanzia chini, maandishi ndani, kama alivyonifundisha Dada Skola. Nikampa mwenyewe kwa mikono miwili. Nikashuka, nikavaa viatu. Kiatu cha Mama Eliza nilikuwa nimekiweka kwenye boksi la maka peni, nikampa naye chake. Tukatoka watatu, na hiyo ndiyo siku niliyostaafu.

Sasa niko sokoni naandika magunia. Gunia lina jina moja, na mwenye jina anakuja kulichukua.

Uzi wa mistari nimewaachia, umeviringwa kwenye kijiti nyuma ya mlango. Matundu manne ya misumari mtayaona ukutani upande wa dirisha. Profesa atawaambia mtundike kitu hapo. Kabla hamjatundika, kisomeni mpaka chini.